Tunaogopa Kopo, Tunafungua Pakiti

Kaa kwenye kikao chochote cha wazazi siku hizi, iwe shuleni, kwenye shughuli ya mtaani au ndani ya kundi la WhatsApp la darasa, hutakosa kusikia kwamba sukari bandia inaleta kansa. Anayesema huwa hana wasiwasi na neno lake. Atataja soda za “diet”, atataja aspatemu, atalitaja Shirika la Afya Duniani (WHO), kisha atamalizia kwa ushauri: mpeni mtoto sukari halisi, asali au sukari guru, vitu vya asili ambavyo bibi na babu zetu walivila wakafika uzeeni. Wenzake wanaitikia, na habari inaishia hapo.

Ushauri huo ni mbaya, na makala haya nimeyaandika kuupinga. Unamfanya mzazi aogope kopo la soda ambalo mwanawe halinywi, huku ukimfumba macho mbele ya pakiti anayoifungua kila siku. Unaisafisha sukari kwa kuwa tu tumeizoea. Tena unawapa nafuu wenye viwanda, kwa sababu mzazi anayeuliza “Je, ni ya asili?” hajauliza swali linalowabana: imo kiasi gani, na mtoto wa kilo ngapi anaweza kuinywa?

Hoja zao, kama wanavyozisema wenyewe

Sitaki kuwalisha maneno. Wanaoshikilia imani hii wana hoja nne, na kila moja ina mzizi wake.

Ya kwanza ni ya WHO. Tarehe 14 Julai 2023, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), ambalo liko chini ya WHO, lilitangaza kuiweka aspatemu katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Hilo ni kweli.

Ya pili ni ya maabara. Aspatemu haikuchumwa mtini. Mwaka 1965 mkemia James Schlatter wa kampuni ya G.D. Searle ya Marekani alikuwa akitafiti dawa ya vidonda vya tumbo, akalamba kidole kilichoshika unga aliokuwa akiutengeneza, akakuta ni mtamu mno. Hilo nalo ni kweli.

Ya tatu ni ya historia ya idhini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliiruhusu mwaka 1974, ikasimamisha ruhusa hiyo mwaka 1975 baada ya kutilia shaka tafiti za kampuni, na mwaka 1980 jopo la uchunguzi likashauri isiruhusiwe hadi suala la uvimbe kwenye ubongo wa panya lichunguzwe zaidi. Mwaka 1981 kamishna mpya, Arthur Hull Hayes, akairuhusu, na mwaka 1983 ikaingia kwenye soda. Wakati huo mkuu wa Searle alikuwa Donald Rumsfeld, mwanasiasa mkubwa wa Marekani. Mwenye kushuku ana pa kushikia.

Ya nne ni ya uzoefu. Sukari tumekula vizazi na vizazi, hatukusikia makelele haya.

Nitazichukua moja baada ya nyingine, kisha nitaongeza ya tano ambayo hawaitaji kabisa, nayo ndiyo nzito kuliko zote.

1. “WHO wamesema inaleta kansa”

IARC haipimi ukubwa wa hatari. Inapima nguvu ya ushahidi kwamba kitu fulani kinaweza kusababisha saratani, bila kusema ni kwa kiasi gani wala kwa nani. Kundi la 1 ni la vitu ambavyo ushahidi wake umetosha: tumbaku, pombe, nyama za kusindikwa kama soseji. Kundi la 2A linafuata, na humo zimo nyama nyekundu na vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la kupita nyuzi 65. Kundi la 2B liko chini ya hayo. Aspatemu iliwekwa humo kwa sababu ushahidi kwa binadamu ni mdogo, na unahusu saratani ya ini.

Siku ileile, kamati ya wataalamu wa viambato vya chakula ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na WHO, inayojulikana kama JECFA, ilitoa uamuzi wake baada ya kupitia ushahidi kwa njia yake. Iliacha palepale kiwango kilichowekwa tangu 1981: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa maelezo ya WHO wenyewe, mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo kati ya 9 na 14 kwa siku ndipo akivuke, ikiwa kila kopo lina miligramu 200 hadi 300. Wanaosambaza habari ya IARC huikata hapo katikati. Nusu ya tangazo wanaipeleka, nusu wanaiacha.

Tafiti zenyewe hazisemi neno moja. Mwaka 2022 watafiti wa Ufaransa waliowafuatilia watu wazima 102,865 walieleza kuwa waliotumia aspatemu zaidi walipata saratani kwa kiwango cha juu kwa takriban asilimia 15 kuliko wasioitumia. Mwaka 2006, utafiti wa Marekani uliofuatilia karibu watu nusu milioni wenye umri wa miaka 50 hadi 71 haukuona uhusiano wowote kati ya vinywaji vyenye aspatemu na saratani za damu wala za ubongo. Ugumu wa tafiti za aina hii unajulikana: anayehamia soda ya “diet” mara nyingi ni yule ambaye tayari ana uzito mkubwa au kisukari, na hali hizo zenyewe huongeza hatari ya baadhi ya saratani. Kutenganisha kinywaji na mnywaji ni kazi ngumu. Ndiyo maana ushahidi ukaitwa mdogo, na mdogo ni mdogo, hata ukipigiwa tarumbeta.

Sasa tuje nyumbani. Ikiwa kinachotutia hofu ni saratani ya ini, kundi la 1 la IARC lina kitu kinachoisababisha bila ubishi wowote, nacho kimo kwenye maghala yetu: sumukuvu, hasa aflatoksini inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara, na watu 20 walipoteza maisha. Hao ni waliouawa na sumu nyingi kwa mkupuo. Ile ndogondogo inayoliwa kila siku huharibu ini polepole, na hatari huzidi sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Unga wa uji wa lishe uliochanganywa na karanga zilizovunda ndani ya gunia ni hatari iliyothibitishwa. Lakini ni mara ngapi umepokea ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu gunia la karanga? Hofu yetu haifuati ukubwa wa hatari. Inafuata ugeni wa jina.

2. “Ni kemikali, si ya asili”

Aspatemu ikifika tumboni huvunjika ikawa vitu vitatu: fenilalanini, asidi aspatiki na methanoli kidogo. Viwili vya mwanzo ni sehemu ya protini, vimo kwenye maziwa, nyama, mayai na maharage. Glasi ya maziwa ina fenilalanini nyingi kuliko kopo la soda ya “diet”. Methanoli, ambayo ndiyo hutumika kuwatisha watu, imo pia kwenye matunda, na glasi ya juisi ya nyanya huuachia mwili methanoli nyingi kuliko kopo hilo. Anayekataa aspatemu kwa sababu ya methanoli, akamimina juisi ya nyanya, hajaikimbia methanoli.

Upo ugonjwa mmoja ambao kwa mwenye nao aspatemu ni hatari kweli. Unaitwa fenilketonuria. Ni wa kurithi, na mwenye nao hawezi kuchakata fenilalanini, hivyo humlundikia mwilini na kumharibu ubongo tangu utotoni. Ni ugonjwa adimu. Ulaya na Marekani watoto hupimwa siku chache baada ya kuzaliwa, na sheria zao hulazimisha bidhaa yenye aspatemu itamke kwamba ina fenilalanini. Kwetu kipimo hicho si cha kawaida kliniki. Hapa palikuwa na jambo la kudai, lenye mtoto halisi anayeweza kuumia. Sijalisikia hata mara moja kwenye kelele za “kansa”.

Asili nayo tuiangalie bila mapenzi. Aflatoksini niliyoitaja ni ya asili kabisa. Asali ni ya asili, lakini inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na tumbo la mtoto aliye chini ya miezi 12 bado halina uwezo wa kuwazuia. Ndiyo maana madaktari duniani kote wanakataza asali kwa mtoto wa umri huo, hata ya kulambishwa kwa ncha ya kidole akizaliwa. Anayemwambia mama mwenye kichanga “achana na vya dukani, mpe asali” anampa ushauri unaoweza kuua.

Na sukari guru? Ni sukari. Rangi ya kahawia na harufu yake nzuri haviibadilishi. WHO, katika mwongozo wake wa 2015, inahesabu sukari iliyoongezwa, asali, sharubati na hata juisi ya matunda iliyokamuliwa katika fungu moja la sukari huru, na ukomo ni mmoja kwa zote.

3. “Kampuni zilipitisha kwa ujanja”

Kushuku kampuni ni haki, na historia ya 1974 hadi 1981 inastahili kukumbukwa. Tatizo langu ni kwamba shaka hii inaelekezwa upande mmoja tu.

Mwaka 1967 jarida la tiba la New England lilichapisha makala ya mapitio iliyoandikwa na wanasayansi wa Harvard, iliyoyatupia mafuta lawama za ugonjwa wa moyo na kuipunguzia sukari uzito. Mwaka 2016 watafiti waliopekua nyaraka za zamani walionyesha kwamba taasisi ya wazalishaji wa sukari ya Marekani iliwalipa wanasayansi hao dola 6,500 za wakati ule, ikachagua shabaha ya makala na kuisoma kabla haijachapishwa. Malipo hayo hayakutajwa popote kwenye makala. Kwa takriban nusu karne dunia ilisoma kazi iliyolipiwa na wenye sukari bila kujua.

Kwa hiyo anayesema “siwaamini wenye viwanda, ndiyo maana natumia sukari” anahama kiwanda kimoja na kuingia kingine. Sukari nayo ina kiwanda, ina wafanyabiashara wakubwa, ina wanasiasa wake, na kila mwaka bei inapopanda hapa kwetu tunawaona wote wakijitokeza. Shaka ya haki huwauliza wote swali moja: nani alilipia utafiti, na wengine wasiolipwa wamekuta nini?

4. “Bibi zetu walikula sukari”

Walikula, lakini si hii tunayokula sisi kwa wingi. Sukari ilipimwa kwa kikombe kwenye karatasi iliyokunjwa dukani, ikaenda kwenye chai ya familia nzima. Soda ilikuwa ya chupa ya kioo, ikifunguliwa Idi, Krismasi au mgeni akija, na watoto wawili wakigawana. Bibi alikwenda kisimani na shambani kwa miguu. Kumtumia bibi kama shahidi wa sukari ya leo ni kumdhulumu.

Tuangalie siku ya mtoto wa mjini. Asubuhi chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili yaliyotiwa sukari kwenye unga. Shuleni uji, nao una sukari. Mapumziko biskuti na barafu ya kufyonza kwenye nailoni. Mchana juisi ya pakiti. Jioni baba akirudi na soda ya nusu lita, anakunywa nusu yake. Soda ya kawaida ina gramu 10 na ushei za sukari katika kila mililita 100, hivyo nusu lita ina kama gramu 53, sawa na vijiko 13 vya chai. WHO inataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na inapendekeza ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Mtoto anayekula kidogo kuliko mtu mzima ukomo wake uko chini zaidi. Chupa moja ya soda inammaliza mtu mzima mara mbili, na mtoto wetu hatujamhesabia chai.

Madhara yake tunayaona bila kusubiri tafiti za miaka 20. Meno ya mbele ya watoto wa miaka mitatu yameoza hadi kwenye ufizi. Kisukari cha ukubwani, ambacho zamani tulikiita ugonjwa wa matajiri, kimeingia kwenye nyumba za kupanga.

Tena sukari huanza kabla mtoto hajajua kusema. Mwezi Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilionyesha kwamba nafaka za watoto wachanga za Nestlé zinazouzwa bila sukari ya kuongezwa Ujerumani na Uingereza zilikuwa na zaidi ya gramu tano kwa mlo mmoja nchini Ethiopia. Sukari hiyo ilikuwa halisi, ile ya asili tunayoambiwa ni salama. Mtoto wa miezi sita hana njia ya kuikataa, na baada ya hapo uji usio na sukari anautema.

5. Hoja wasiyoitaja: mtoto tayari anainywa

Wanaoonya kuhusu sukari bandia wanazungumzia kopo la soda ya “diet” kana kwamba ndiko inakokaa peke yake. Kopo hilo ni la bei, na mtoto wa mtaani kwetu hana haja nalo. Sukari bandia inamfikia kwa njia nyingine.

Chukua pakiti ya unga wa juisi inayoning’inia dukani, ile ambayo mtoto hutumwa na sarafu akarudi nayo mkononi. Igeuze. Uzito wake ni gramu chache. Maelekezo yanasema changanya na lita moja ya maji, au hata mbili. Ili lita moja iwe tamu kama soda unahitaji kama gramu 100 za sukari, zaidi ya vijiko ishirini. Gramu hizo hazikai ndani ya pakiti ile. Hesabu peke yake inatosha kukuonyesha kwamba utamu wake umetoka kwingine. Kisha soma viambato, mara nyingi kwa Kiingereza na kwa herufi za kutafuta miwani, utakuta namba: 950 ni asesalfemu, 951 ni aspatemu, 952 ni saiklameti, 954 ni sakarini, 955 ni sukralozi. Aspatemu ina utamu mara 200 ya sukari, sakarini mara 300 au zaidi, na saiklameti mara 30 hivi. Mwenye kiwanda anazitumia kwa sababu ya gharama: chembe kidogo hufanya kazi ya gunia la sukari. Soda na juisi nyingi za bei ya chini zinachanganya sukari na hizi kwa pamoja, hivyo mtoto anazipata zote mbili katika chupa moja.

Katika orodha hiyo, aspatemu ndiyo yenye kelele, lakini mzazi angetakiwa kuiangalia zaidi saiklameti. Marekani iliipiga marufuku kati ya 1969 na 1970, na hadi leo haijairudisha. Kwingineko duniani inaruhusiwa kwa masharti. Ushahidi kwamba inaleta saratani kwa binadamu haukusimama. Kinacholeta shaka ni kwamba mwili wa baadhi ya watu huigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo, kwa kipimo kikubwa, iliharibu korodani za panya. Kwa hiyo ukomo wake ni wa chini sana: Ulaya wameuweka miligramu 7 kwa kilo ya uzito kwa siku, na JECFA 11. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipunguza kiasi kinachoruhusiwa kwenye vinywaji kutoka miligramu 400 kwa lita hadi 250.

Fanya hesabu ya mtoto wa kilo 15, ambaye ana kama miaka mitatu au minne. Mara 7 ni miligramu 105. Kinywaji chenye miligramu 250 kwa lita humfikisha hapo kwa mililita 420. Hiyo haifiki nusu lita, tena ya kinywaji kilichofuata sheria kali ya Ulaya na kuchanganywa sawasawa. Nyumbani hakuna anayepima lita. Mtoto anataka iwe kali, anatia pakiti mbili kwenye jagi dogo. Wengine hawachanganyi kabisa: wanaimwaga kiganjani na kuilamba kavu, ulimi unakuwa wa machungwa mpaka jioni.

Hesabu hiyohiyo inawagusa pia wanaotuliza watu kwa makopo 9 hadi 14. Idadi hiyo ni ya mtu wa kilo 70. Kwa mtoto wa kilo 15 kiwango cha aspatemu ni miligramu 600, na makopo mawili au matatu yanamfikisha. Siku ya sherehe, vinywaji vikiwa vya bure, hilo si jambo la ajabu. Wanaotisha wametaja kitu bila kipimo, na wanaotuliza wametaja kipimo kisicho cha mtoto. Mtoto ameachwa na pande zote mbili.

6. Nani analipa gharama ya hofu hii

Wa kwanza ni mgonjwa wa kisukari. Ameambiwa na daktari aache sukari, akajikaza akatumia vidonge vya sukari bandia vya kutia kwenye chai, kisha ndugu wanamjia na video. Anaogopa saratani ambayo huenda isije, anarudia sukari ambayo itampandishia vipimo asubuhi ya kesho. Kuna wanaohamia asali kwa kuamini haina shida, na mashine ya kupima damu inawajibu vinginevyo.

Wa pili ni mama mwenye kipato kidogo. Amesikia kwamba vya dukani ni sumu, ananunua asali kwa bei inayommaliza, na pengine hiyo asali imeongezwa maji ya sukari. Fedha hiyo ingenunua mayai, dagaa au ndizi mbivu.

Wa tatu ni mamlaka, ambazo zinapata likizo. Umma ukishughulika na uvumi, hakuna anayeliuliza Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo lilikabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, wala lile la Kenya (KEBS): mmepima saiklameti kwenye pakiti za watoto? Mmekuta kiasi gani? Matokeo yako wapi tuyasome?

Nitaulizwa kama natetea sukari bandia. Sitetei. Mei 2023, miezi miwili kabla ya tangazo la IARC, WHO ilitoa mwongozo unaoshauri watu wasitumie vitamu hivi kwa lengo la kudhibiti uzito, kwa sababu haikuona faida ya muda mrefu, na kuna dalili kwamba matumizi ya miaka mingi yanaambatana na kisukari na magonjwa ya moyo. Mwongozo huo hauwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Mwaka huohuo, katika mwongozo wa kuwalisha watoto wa miezi 6 hadi 23, WHO ilisema wasipewe vinywaji vya sukari wala vitamu visivyo sukari. Vyote viwili vimekatazwa, katika mwongozo mmoja. Ujumbe huo haukusambaa kwa sababu haumpi mtu adui mmoja wa kumlaani. Unamtaka apunguze utamu wenyewe, nalo ni jambo gumu kuliko kubadilisha aina yake.

Tunachopaswa kudai

Kwa mzazi, mambo ni machache. Mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji sukari, asali wala kitamu cha aina yoyote kwenye uji wake. Ndizi iliyopondwa inatosha. Mkubwa zaidi anywe maji na maziwa, na tunda alile zima badala ya kulikamua. Soda irudi kwenye sikukuu. Unga wa juisi usiingie kwenye mkoba wa shule, na kama umeingia nyumbani, upimwe kwa lita kamili na usilambwe. Mgonjwa wa kisukari asibadili anachotumia kwa ujumbe wa simu, amuulize anayemtibu.

Lakini mzazi hawezi kupima miligramu kwa macho, na hapa ndipo hasira yetu inapotakiwa kwenda. Umoja wa Ulaya unamlazimu mwenye bidhaa yenye sukari na vitamu bandia aseme hivyo pembeni mwa jina la bidhaa, bila kumtafutisha mnunuzi. Mexico tangu 2020 inataka bidhaa yenye vitamu hivyo iandikwe usoni kwamba haipendekezwi kwa watoto. Haya hayahitaji maabara mpya wala mkopo. Yanahitaji kanuni na wino. Tuwadai TBS, KEBS na wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki maandishi ya Kiswahili yanayosomeka, yanayotaja kila kitamu kwa jina, kwa miligramu kwa kila glasi, pamoja na uzito wa mtoto ambaye glasi hiyo inamtosha kwa siku. Tudai pia wachukue sampuli kutoka maduka ya mitaani na kwenye vibanda vya nje ya shule, kisha watangaze majina ya bidhaa zilizozidi.

Kikao kijacho cha wazazi, mtu akisimama kusema sukari bandia inaleta kansa, aombwe kwanza aigeuze pakiti aliyomfungia mwanawe asubuhi na awasomee wenzake kilichoandikwa nyuma. Akishindwa kukisoma, basi barua ya kwenda kwa mamlaka iandikwe hapohapo, na wote watie sahihi.